Ngozi ya mbuzi kutoka mwilini hadi ghalani: mwongozo kamili kwa wafugaji na wachinjaji wa Dodoma

Anayekwenda mnadani Msalato siku ya Jumamosi huona jinsi nyama ya mbuzi inavyothaminiwa: kila pande hukaguliwa na kubishaniwa bei kabla halijafika motoni. Ngozi ya mbuzi huyo huyo nimeiona mara nyingi imetupwa pembeni, imekunjamana vumbini na kupigwa na jua hadi jioni, na inapofika mikononi mwa mnunuzi imekwisha kuanza kuoza kwa ndani ingawa kwa macho inaonekana nzima. Mwongozo huu unamhusu mfugaji, mchinjaji na mwenye bucha wa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa au Mpwapwa, ambaye anataka ngozi hiyo ifike ghalani ikiwa na thamani yake yote. Kabla ya hatua yoyote, naomba lieleweke jambo moja: ngozi ni kiungo cha mwili kama ini au moyo, na kila kosa linalotendwa juu yake, iwe ni chapa ya moto, kisu kilichopotea njia au saa chache za kuchelewa kupata chumvi, huacha alama ambayo kiwanda hakiwezi kuifuta.

Ijue ngozi kabla ya kushika kisu

Ngozi ya mbuzi ina matabaka matatu. La nje ni jembamba mno, kiasi cha asilimia moja hivi ya unene wote, na limejengwa kwa keratini, protini ile ile inayofanya nywele, kwato na ala ya pembe. La kati ndilo nene na ndilo linalogeuka kuwa ngozi ya kiatu au mkoba. Limefumwa kwa nyuzi za kolajeni zilizopishana kama nyuzi za mkeka, na sehemu yake ya juu, palipo na vishimo vya nywele, ndiyo inayoipa kila ngozi sura yake. La ndani ni utando wa mafuta na nyama unaoiunganisha ngozi na mwili, na hapo ndipo mchunaji anapopita.

Mpango huu wa matabaka unafanana kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, ila kila kundi limeutumia kwa namna yake, na anayezoea kuparua samaki au kunyonyoa kuku tayari anajua mengi kuliko anavyodhani. Gamba la perege wa Bwawa la Mtera huota kutoka tabaka la kati, ndani ya kifuko kidogo, na kwa sababu hiyo hung'oka moja moja na kuacha kijishimo. Kambale wa bwawa hilo hilo hana gamba hata moja. Hujilinda kwa utelezi unaotoka katika ngozi yenyewe, na chura naye ana ngozi tupu yenye unyevu ambayo hupitisha hewa, kiasi kwamba ikikauka mnyama hufa. Magamba ya nyoka ni unene wa tabaka la nje, hayang'oki moja moja, hivyo nyoka hujivua gamba lote kwa pamoja. Kuku ana manyoya ya keratini mwilini na magamba ya keratini miguuni. Kuku anapotumbukizwa katika maji ya moto ya nyuzijoto 60 hivi, manyoya hulegea upesi, lakini akikaa humo muda mrefu ngozi nayo huanza kupasuka. Nyuzijoto hizo 60 zikumbukwe, maana tutakutana nazo tena wakati wa kuanika.

Hatua ya kwanza: ngozi ikiwa bado mwilini

Sehemu kubwa ya hasara hutokea mnyama akiwa hai. Vichaka vya migunga katika nchi yetu kavu huchana ngozi ya mbuzi kila siku, na hilo mfugaji hawezi kulizuia lote, lakini boma linaweza kuzungushiwa kitu kingine badala ya seng'enge, na fimbo inaweza kuachwa. Kupe, chawa na ukurutu ni adui wakubwa zaidi, kwa kuwa kila kupe hutoboa tabaka la kati na kuacha kovu dogo linaloonekana baada ya manyoya kuondolewa kiwandani. Kuogesha kwa dawa kwa ratiba anayoitoa afisa mifugo ni gharama inayorudi mara mbili, katika maziwa na katika ngozi.

Kwa ng'ombe, chapa ya moto iwekwe shavuni, shingoni au chini ya goti, kamwe isiwekwe ubavuni wala pajani, kwa sababu mgongo na ubavu ndiyo sehemu pana ambayo fundi huitegemea kukata vipande vikubwa. Mbuzi hahitaji chapa ya moto kabisa. Hereni ya sikio inatosha.

Siku moja kabla ya kuchinja, mnyama apumzishwe na apewe maji ya kutosha. Mnyama aliyechoka na mwenye kiu huchunika kwa shida na havuji damu vizuri, na damu inayobaki katika mishipa midogo huacha michirizi ambayo hutokea baadaye kwenye ngozi iliyosindikwa. Baada ya kuchinjwa asiburuzwe chini, anyanyuliwe.

Hapa pana onyo lisilo na ubaguzi. Mnyama aliyekufa ghafla, mwenye damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au katika tundu la haja kubwa, asichunwe, asipasuliwe wala asiliwe. Hizo ni dalili za kimeta. Vijidudu vyake hugeuka kuwa mbegu ngumu pindi mzoga unapofunguliwa, na mbegu hizo huishi katika udongo na katika ngozi kwa miaka mingi. Aitwe afisa mifugo, na watu pamoja na mbwa wazuiwe kukaribia mzoga. Hakuna bei ya ngozi inayolingana na maisha ya mchunaji.

Hatua ya pili: kuchuna

Mning'inize mbuzi kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, mara tu damu inapokwisha kutoka. Ngozi hutoka kwa urahisi mwili ukiwa bado na joto. Ukipoa, utando wa ndani hushikamana na nyama na mchunaji hulazimika kutumia kisu mahali ambapo mkono ungetosha.

Visu viwe viwili. Kimoja chenye ncha kali kwa ajili ya mikato ya kufungulia tu, na kingine chenye ncha ya mviringo kwa ajili ya kusaidia kuachanisha. Machinjio mengi hutumia kisu kimoja chenye ncha kwa kazi zote, na kwa maoni yangu hicho ndicho chanzo cha matundu mengi kuliko uzembe wa mchunaji mwenyewe, kwa maana ncha hutoboa hata mkono ukiwa makini.

Mikato ya kufungulia ni michache na hupita njia iliyonyooka. Wa kwanza huanzia chini ya kidevu, hupita katikati ya koo, kifua na tumbo, hadi karibu na tundu la haja kubwa. Wa pili hupita upande wa ndani wa kila mguu wa mbele, kutoka gotini hadi ncha ya kifua. Wa tatu hupita upande wa ndani wa kila mguu wa nyuma, kutoka kwenye kifundo hadi unapokutana na mkato wa kwanza. Makali ya kisu yatazame nje, yaani kisu kiingizwe chini ya ngozi na kukata kwa kupanda juu. Kwa njia hiyo nyama haikatwi, manyoya hayachafui nyama na makali hayafi mapema. Mikato ikienda upogo, ngozi hutoka na umbo la kuvutwa upande mmoja, na fundi hulazimika kutupa pembe nzima ili kuisawazisha.

Baada ya hapo kisu kiwekwe pembeni. Mbuzi na kondoo huchunwa kwa ngumi: mkono mmoja huvuta ngozi kwa nguvu ya wastani, na ngumi ya mkono wa pili husukuma kati ya ngozi na nyama, kuanzia mapajani kushuka mgongoni na ubavuni. Ubavuni kuna utando mwembamba wa nyama ambao hupenda kufuatana na ngozi. Ubakishwe kwenye nyama, kwa kuwa ukibaki kwenye ngozi huoza kwanza na kuzuia chumvi isipenye. Kisu cha mviringo kirudi tu kwenye kichwa, mkiani na mwisho wa miguu, ambako ngozi imeshikana na mfupa. Anayejifunza asiogope kwenda polepole. Mkwaruzo usiotoboa nao ni kasoro, maana umekata nyuzi za kolajeni, na ngozi ikija kuvutwa kiwandani hupasukia hapo hapo.

Wazee walikuwa na namna nyingine ya kuchuna, ambapo ngozi ilivuliwa nzima kama shati, bila mkato wa tumbo, ili ifanywe kiriba cha kuchukulia maji. Ni ustadi wa kuheshimiwa, lakini ngozi ya namna hiyo isipelekwe kwa mnunuzi wa kawaida bila makubaliano, kwa sababu yeye hutaka ngozi iliyofunguliwa.

Hatua ya tatu: saa za kwanza

Ngozi inapotoka mwilini ina joto la nyuzijoto 39 hivi, ina unyevu wa karibu theluthi mbili ya uzito wake, na ina bakteria wa kinyesi, udongo na manyoya. Ukiikunja au ukairundika juu ya nyingine, umewaandalia bakteria hao joto, maji na chakula kwa pamoja. Miaka ya nyuma nilirundika ngozi 30 chini ya turubai jioni, nikidhani chumvi ya asubuhi ingetosha. Asubuhi nilipovuta nywele za ngozi iliyokuwa katikati ya rundo zilitoka mkononi kama nyasi kavu, na nyingi kati ya ngozi hizo hazikuuzika.

Kunyonyoka huko kwa nywele ndicho kipimo bora cha kuoza, kwa sababu bakteria hushambulia kwanza chembe laini zinazoshikilia mizizi ya nywele, kabla ya kuzifikia nyuzi za kolajeni. Shika nywele chache za tumboni na shingoni, uzivute kwa ukucha wa dole gumba. Zikikaa imara, ngozi ni salama. Zikitoka pamoja na kijiutando chepesi, uozo umekwisha kuingia, na hakuna chumvi itakayourudisha nyuma.

Kwa hiyo mara baada ya kuchuna, tandaza ngozi peke yake kivulini, juu ya sakafu safi au juu ya mti, ili ipoe. Osha damu na kinyesi kwa maji safi kidogo, kisha iache ichuruzike kwa nusu saa hivi. Usiiloweke, kwani maji ya ziada hupunguza nguvu ya chumvi. Weka ngozi juu ya gogo laini, upande wa nyama ukiwa juu, na kwangua mafuta na vipande vya nyama kwa kisu kisicho kali. Kata masikio, midomo na mwisho wa miguu. Kazi yote hii ikamilike na chumvi iwe imewekwa ndani ya saa 3 au 4 tangu kuchinjwa, na siku za joto la Oktoba na Novemba, mapema zaidi.

Hatua ya nne: chumvi au wambo

Njia mbili zinafaa kwa mazingira yetu, kutia chumvi au kuwamba, yaani kuifunga ngozi ikiwa imenyooshwa kwenye fremu ya miti hadi ikauke, na uchaguzi utegemee majira pamoja na umbali wa mnunuzi. Mvua za Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na katika miezi hiyo ngozi iliyowambwa hukauka polepole mno na huweza kuoza ikiwa juu ya fremu. Basi chumvi itumike. Kuanzia Mei hadi Oktoba upepo ni mkavu na wambo hufanya kazi vizuri bila gharama ya chumvi. Mwenye bucha anayepitiwa na mnunuzi kila wiki atumie chumvi mwaka mzima.

Chumvi huvuta maji kutoka kwenye ngozi na kuwanyima bakteria unyevu. Kipimo chake ni asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa ngozi mbichi, yaani ngozi ya kilo 2 hutumia gramu 800 hadi kilo 1. Wengi hutumia viganja viwili na kuridhika, na hapo ndipo wanapokosea. Chembe ziwe na ukubwa wa punje za uwele: chumvi laini kama unga huganda mahali pamoja, na ya mabonge huanguka bila kuyeyuka. Iwe ya Uvinza au ya pwani, iwe safi na isiwe imetumika kabla, kwa sababu wapo bakteria wanaopenda chumvi, huishi ndani yake na kuipa ngozi madoa mekundu. Chumvi iliyokwisha kutumika ndiyo inayowabeba kutoka rundo moja hadi jingine.

Sakafu iwe na mwinamo ili maji ya chumvi yatiririke. Tandaza ngozi ya kwanza, nywele chini na nyama juu, nyoosha mikunjo yote, kisha mwaga chumvi na kuisugua kwa mkono, ukianzia uti wa mgongo kuelekea kingoni. Shingo na mgongo ni nene, hivyo vipewe zaidi, na kingo zisisahauliwe, maana hujikunja na kuficha sehemu isiyo na chumvi. Ngozi ya pili ilazwe juu ya ya kwanza kwa mpangilio ule ule, na rundo lisizidi mita moja. Baada ya siku chache lipangue, ya juu iwe chini na ya chini iwe juu, ukiongeza chumvi palipo na upara. Ngozi za mbuzi ziache wiki mbili. Za ng'ombe, ambazo ni nene zaidi, wiki tatu.

Kuwamba kunahitaji fremu ya miti minne yenye mita moja na nusu kila upande, na kamba nyembamba zipatazo kumi na mbili. Toboa vitundu vidogo karibu kabisa na kingo. Funga kwanza shingo na mkia ili uti wa mgongo unyooke, kisha miguu ya nyuma, ya mbele, na mwisho ubavu. Ngozi inyooke tu, isivutwe kwa nguvu, kwa sababu itaendelea kujikaza inapokauka. Iliyovutwa kupita kiasi huwa nyembamba tumboni na kupasuka, na isiyovutwa vya kutosha hufanya mikunjo ambamo unyevu hujificha. Watu wa Ugogo wanaowamba ngoma za muheme wanalijua jambo hili kwa vidole vyao: ngozi ya ngoma nayo huwambwa mbichi, na hulegea hewa ikiwa na unyevu mpaka ioteshwe moto. Anayetaka kujifunza kuwamba na akae siku moja na fundi wa ngoma.

Fremu zisimamishwe wima chini ya paa lisilo na kuta, zikiachana ili upepo upite pande zote mbili. Hapa turudi kwenye nyuzijoto 60. Nyuzi za kolajeni zenye maji zikifikia joto la karibu na hilo hujikunja na kuanza kugeuka ute, jambo lile lile linalotokea katika sufuria ya supu ya kongoro, ambayo ikipoa huganda. Ardhi tupu ya Dodoma mchana wa Oktoba haikanyagiki kwa mguu mtupu, na ngozi mbichi iliyoanikwa juu yake huanza kupikwa. Zaidi ya hayo, jua kali hukausha nje haraka na kufunga maji katikati, ambako bakteria huendelea na kazi yao kimya kimya. Ngozi hiyo huonekana kavu na nzuri; kasoro hujitokeza inapolowekwa kiwandani, ikavimba malengelenge na kutoboka. Ndiyo sababu wanunuzi wenye uzoefu huishuku kila ngozi iliyoanikwa chini, hata ile iliyobahatika.

Kivulini, siku 2 hadi 4 za kiangazi hutosha. Ngozi iliyokauka sawasawa huwa ngumu kiasi, hutoa mlio wa ngoma ikigongwa kwa kidole, na ikiinuliwa kuelekea mwanga hupitisha nuru kwa rangi moja bila mabaka meusi. Baka jeusi ni unyevu au ni nyama iliyosahauliwa.

Hatua ya tano: ghala na mauzo

Ngozi ya wambo ipangwe bila kukunjwa, kwa sababu kolajeni iliyokauka huvunjika kwenye mkunjo na ufa huo hauzibiki. Ngozi ya chumvi ikung'utwe, ikunjwe kwenye uti wa mgongo huku nywele zikiwa nje, na ihifadhiwe mahali pa baridi pasipo maji. Zote ziwekwe juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta na mbali na mabati yenye kutu, maana kutu huacha madoa. Adui wa ghala la ngozi kavu ni mende wadogo weusi ambao viluwiluwi wao, wenye vinywele vingi mwilini, hutoboa ngozi kama nondo atoboavyo sufu. Kila baada ya wiki mbili toa ngozi nje, zipige kwa fimbo nyepesi upande wa nywele, na fagia sakafu kabla ya kuzirudisha.

Biashara ya ngozi nchini ina sheria yake ya mwaka 2008, hivyo anayetaka kununua na kukusanya ngozi za wengine aanze kwa afisa mifugo wa halmashauri yake ili aelezwe taratibu za leseni. Anayeuza zake mwenyewe azipange kwa madaraja nyumbani kabla mnunuzi hajafika: zisizo na tundu wala mkwaruzo katika mgongo na ubavu zikae peke yake, zenye kasoro kingoni tu zikae peke yake, na zilizotobolewa katikati zikae peke yake. Zikichanganywa, mnunuzi hupanga bei kwa kuangalia ile mbaya.

Wakati wa kuuza, fungua kila ngozi mbele ya mnunuzi, upande wa nyama ukiwa juu, na andika katika daftari kasoro anayokuonyesha: tundu la kisu, kovu la kupe, mwiba, nywele zinazonyonyoka, baka la unyevu. Tundu la kisu lirudishwe kwa mchunaji, kovu la kupe lipelekwe kwenye josho, na baka la unyevu likuhamishie fremu mahali penye upepo zaidi kabla ya mbuzi wa wiki ijayo kuchinjwa.